Chenji Baadaye

Nina kesi na Waingereza, na safari hii haihusu mpira. Ni neno lao moja tu, "change". Watu waliozunguka dunia nzima wakarudi kwao na chai, pamba na dhahabu za wenzao, walishindwaje kuokota na maneno mawili matatu huko njiani ili hili nalo lipumzike? Neno hilohilo linabebeshwa siasa, hali ya hewa, nguo za akiba, ukomo wa hedhi na mia nne ninayomdai konda.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Mwalimu wake wa Kiingereza haridhiki na maana ya neno peke yake, anataka na marafiki zake: linatembea na nani, linakaa na nani, na nani halipatani naye kabisa. Nakubali kwamba ana hoja, maana mtu anaweza kumeza kamusi nzima akaongea kama mashine. Tatizo ni kwamba kazi ya nyumbani inaishia mapajani mwangu.

"Baba, 'loose change'?" Sarafu zinazozagaa mfukoni. "'Small change'?" Sarafu ndogondogo, na pia kitu kisicho na uzito wowote. Hapo nilichukia kidogo, maana sijawahi kuishi maisha ambayo mia mbili haina uzito. "'A change of heart'?" Si upasuaji, mwanangu. Ni mtu kugeuza msimamo, kama mwenye nyumba aliyekubali jana kusubiri kodi mpaka mwisho wa mwezi, na leo alfajiri yuko mlangoni anakohoa. "'Sea change'?" Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaandika: maji kupwa na kujaa. Nikampongeza. Mtoto ambaye babu yake alivua samaki Mafia angeandika nini kingine? Mwalimu akapiga mkasi mwekundu. Kumbe ni mageuzi makubwa mno, na chanzo chake ni Shakespeare, aliyeliweka kwenye The Tempest katika habari za baba anayedhaniwa kuzama. Tangu hapo wenzake wanalibeba hadi kwenye ripoti za mabenki, mahali pasipo na hata tone la maji chumvi.

Kilichonimaliza lakini ni herufi moja. Ukisema "I need a change", umechoka, unataka ukapunge upepo Lushoto wiki nzima. Ondoa hiyo "a", basi hujachoka wala nini, unatafuta sarafu. Lugha gani hiyo, mtu aliyechoshwa na maisha na mtu anayesaka jero wanatofautishwa na herufi moja, tena herufi ambayo wengine tukiongea haraka tunaimeza?

Sisi tulilichukua neno hili kama mama anavyochagua nyanya kwenye fungu: tukatoa moja, nyingine tukamwachia mwenyewe. Tulichukua pesa. Mengine yote tulikuwa nayo, na kila moja lina nafasi yake. Ndiyo maana kwenye kampeni za mwaka 2015, umati ulipoitikia jina la Lowassa kwa kupaza sauti "Mabadiliko!", hakuna konda aliyeshtuka akaanza kupapasa mifuko. Marekani mwaka 2008 Obama alinadi "change" kutoka jimbo hadi jimbo, na sijui wauza magazeti wa kule walijisikiaje. Kwetu tabianchi inabadilika, chenji inarudi.

Au hairudi. Nauli ya daladala kwa masafa mafupi hapa Dar es Salaam ilipanda kutoka 500 hadi 600 mwishoni mwa 2023. Sina neno na kupanda, mafuta nayo yalipanda. Nina neno na hesabu yake. Enzi za 500 ulitoa jero, ukakaa, ukaangalia dirishani. Sasa unatoa buku, na ili urudishiwe mia nne konda anatakiwa awe na mia mbili mbili, zile zenye Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Konda wa kutoka Gongo la Mboto asubuhi hana simba hata mmoja. Kwa hiyo anakuja na ile hesabu yake: "Mzee, una mia nikupe jero?" Yaani ili nirudishiwe hela yangu, kwanza niongeze. Na nisipokuwa na hiyo mia, nahesabiwa kuwa ndiye niliyekwamisha biashara.

Hapo ndipo utawasikia marafiki wa neno chenji ambao hakuna mwalimu anayewafundisha. Kuna "chenji baadaye". Kuna "subiri watu walipe". Kuna "mia nne tu, mzee?", inayosemwa kwa sauti ya kutosha ili kiti cha nyuma nacho kijue kuna bahili humu ndani. Konda huyohuyo, nikipungukiwa mia, atagonga bodi gari lisimame. Na jina lenyewe la gari, wanaosimulia wanasema, lilitokana na dala, sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli. Gari limepewa jina la sarafu na ndani yake sarafu hakuna!

Chenji pekee ninayoijua iliyowahi kurudi kwa heshima katika nchi hii ni chenji ya rada. Serikali ilinunua rada kwa kampuni ya Kiingereza, BAE Systems, kwa pauni zipatazo milioni 28. Kelele zikawa nyingi kuhusu bei, wachunguzi wa Uingereza wakaingia kazini, na mwaka 2010 kampuni ikakiri mahakamani kosa la kutoweka sawasawa kumbukumbu zake za hesabu. Ikakubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5. Fedha ziliingia mwaka 2012, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Kwenye makaratasi ya Waingereza malipo hayo yalikuwa na jina refu la kisheria. Huku mtaani tukayaita chenji, na hakuna hata bibi mmoja aliyehitaji kufafanuliwa.

Tazama tena hizo tarakimu. Noti milioni 28, chenji milioni 29.5. Nilimweleza habari hii konda mmoja tukiwa kwenye foleni pale Tazara, nikidhani nitamgusa dhamiri. Akaniuliza ilichukua muda gani kurudi. Nikamwambia, tangu mkataba, ni zaidi ya miaka kumi. Akacheka mpaka akaegemea mlango. "Sasa mzee, wewe Buguruni tu hapo umeshaanza kugomba?"

Wenye neno wenyewe wameshalikimbia. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu Julai 2014. Unagusisha kadi, unakaa. Nasi tumeambiwa dawa ni kulipa kwa simu, hakuna tena noti wala mia mbili. Nikafurahi mpaka nilipompigia bodaboda. Safari ilikuwa ya buku mbili, nikatoa simu, akanitazama kwa huruma: "Mzee, tuma na ya kutolea." Zamani nilikuwa nadai juu ya bei. Siku hizi nadaiwa.

Na bado sijafika kwenye ile ninayoichukia kuliko zote, "mtagawana hapo chini". Juzi jioni nilidai mia nne yangu. Pembeni yangu mama mmoja alikuwa amelipia yeye, mdogo wake na mwanafunzi kwa buku mbili, anadai mia sita. Konda akafanya hesabu kichwani haraka kuliko benki yoyote, akampa mama noti moja ya buku, akanionyesha mimi kwa kidevu. "Huyu mna wote." Gari likaondoka. Nimebaki barabarani na familia nisiyoijua, tumefungwa pamoja na karatasi moja.

"Kaka, una mia sita unipe, uchukue hii?" Sina. "Basi twende dukani kwa Mangi."

Mangi naye hana chenji, labda tununue kitu. Mama akanunua kiberiti cha mia, kwa hiyo lake likabaki jero, akalichukua. Mimi nikabaki na mia nne yangu, ambayo Mangi alinilipa kwa mia mbili moja na pipi nne. Nikamwambia pipi sizitaki. Akasema ni hamsini hamsini, hesabu imekaa. Nikamuuliza kama kesho nitaweza kununua sabuni kwa pipi hizo. Akainama kupanga mikate.

Nikampa yule mwanafunzi pipi zote nne. Mama yake akamgeukia: "Sema asante kwa babu." Kaka wa dakika tano zilizopita!