Tuleteeni Mtaalamu

Kwa Waheshimiwa wajumbe wa Baraza Kuu la Utangazaji na Mawasiliano (CSAC), Kinshasa

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu kutoka Butembo, na kutoka Beni pia, kwani wenzetu wa kule wamenituma niwasemee.

Kwanza tunawashukuru kwa agizo lenu la mwezi wa 2, 2024. Mlisema redio na televisheni zisirushe mjadala wowote kuhusu operesheni za jeshi pasipo mtaalamu wa mambo hayo, na wasikilizaji wasifunguliwe simu kwenye vipindi hivyo. Agizo limetufikia na tumelipenda. Tatizo letu ni moja tu: mtaalamu mwenyewe hajafika. Studio hatuna, lakini mjadala tunao kila jioni, na hakuna hata mmoja wetu mwenye cheti.

Katika nganda, yaani baa, ninapokaa, televisheni imewekwa juu ya makreti matupu ya bia. Jenereta inanguruma nyuma ya nyumba, na mwenye nganda huzima balbu zote ili petroli ibakie kwa picha peke yake. Kwanza taarifa ya habari ya RTNC, televisheni ya taifa, kisha anabonyeza, tunahamia kwenye tamthilia za Mexico na Brazil, siku hizi na za Nigeria, wote wakisemeshwa Kifaransa. Hapo ndipo wahakiki wanapoingia kazini.

Sitawaficha, uhakiki wenyewe una madoa. Yuko motari, mwendesha pikipiki ya abiria, ambaye hajawahi kuona sehemu moja nzima. Husimuliwa na abiria, nusu asubuhi, nusu jioni, na hukumu yake ndiyo kali kuliko za wote. Yuko mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Graben, mwenye maneno marefu ambayo hayasikilizwi na mtu hadi naye aanze kufuta machozi. Mfanyabiashara aliyezoea safari za Guangzhou hatazami mapenzi. Anatazama mlango wa tajiri unavyotikisika ukifungwa, anacheka. Wa kuhurumiwa ni wahakiki wa Beni. Amri ya kutotembea usiku imewarudisha nyumbani mapema kwa miaka, kwa hiyo wanajua mwanzo wa tamthilia zote za dunia.

Kisha yuko mama mmoja, muuza makayabu, samaki wa chumvi. Huyu ana kanuni yake: mtu akitangazwa kafa na maiti haikuonyeshwa, atarudi. Alisema hivyo kuhusu mume aliyezama baharini, na kweli akarudi, kaota masharubu, na pacha wake juu. Basi jioni moja taarifa ya habari ikasema adui amesambaratishwa na eneo zima limedhibitiwa. Mama akauliza, huku akihesabu faranga zake, "Maiti mmeiona?"

Waheshimiwa, tamthilia ilikuwa haijaanza.

Tangu jioni hiyo mambo yameharibika. Watu hawangoji tena taarifa ya habari iishe. Wanaihakiki papo hapo. Inayowashughulisha zaidi ni ile ndefu kuliko zote, état de siège, utawala wa kijeshi wa huku kwetu. Ilianza tarehe 6 mwezi wa 5, 2021, ikatangazwa ni ya siku 30. Ikaongezwa siku 15. Ikaongezwa nyingine 15, na nyingine, hata tukavuka mara 80. Mwishoni mwa mwaka huohuo jirani zetu wa Uganda nao wakaingia, operesheni ikaitwa Shujaa. Mwezi wa 8, 2023 watu wa huku wakaitwa Kinshasa, kwenye meza ya mviringo, wakasema yaliyo moyoni. Mwezi wa 10 Rais akatangaza kwamba mambo yatalegezwa polepole. Nganda nzima ikaguna. Muziki wa namna hiyo tunaujua, ndio unaopigwa wanapokuambia usikose wiki ijayo.

Mfanyabiashara wetu ana maelezo yake. Anasema tamthilia hairefushwi kwa kuwa hadithi haijaisha. Hurefushwa kwa kuwa yupo anayelipwa kwa kila sehemu. Nikamkatalia, nikamwambia serikali si kampuni ya filamu. Akanikumbusha kwamba mwaka 2021 kamati ya ulinzi ya Bunge lenyewe ililalamika kwamba fedha nyingi za operesheni ziliishia Kinshasa. Nikaagiza bia.

Na wale wetu waliouawa, maiti zao tumeziona. Tangu mwezi wa 10, 2014 tunazizika, Beni na vijiji vyake. Kwa hilo hatuombi mtaalamu.

Najua mtasema uhakiki una mahali pake. Ni kweli, na mahali penyewe tulionyeshwa. Mwezi wa 4, 2022 mahakama ya kijeshi ya Beni iliwahukumu vijana 12 wa vuguvugu la LUCHA, kila mmoja miezi 12, kwa kuandamana kuipinga hiyo état de siège. Tulishangaa kidogo tu. Kama kuhakiki vibaya ni kosa la jela, mbona motari wetu bado anazunguka mjini?

Lingine ni la mwezi wa 6, 2025, mlipovikataza vyombo kurusha habari za rais wa zamani, Joseph Kabila. Mmefanya mnavyoona. Lakini mtu aliyekuwa kwenye kioo miaka 18, kuanzia 2001 hadi 2019, ukimwondoa ghafla watazamaji hawamsahau; wanageukiana na kuulizana, "Yule kaenda wapi?" Kisha kila mmoja anajitungia jibu, na majibu ya motari ndiyo yanayofika mbali.

Kwa hiyo tumeni mtaalamu. Asishuke na ndege Butembo. Ashukie Beni, halafu aje kwa barabara, ni kilomita kama 54, aangalie dirishani. Bia ya kwanza juu yetu. Asituletee ramani, wala fimbo ya kuonyeshea. Swali lake ni moja, ni lile la mama, na akilijibu hadi tukaridhika, tutarudi kwenye mapenzi ya Mexico na hamtatusikia tena.

Kama Kinshasa nzima mtaalamu wa namna hiyo amekosekana, tumeni cheti chenyewe, pa kuandikia jina pawe wazi. Muuza makayabu Kifaransa chake ni kidogo, lakini muhuri anautambua.

Mtazamaji wenu mtiifu,
benchi la nyuma, Butembo