Ami, Nile au Nisile?

Barazani kwetu Unguja, anayetaka kujifunza wahedi wa sitini hapewi mwalimu mmoja. Hupewa wote waliokaa. Mshona kofia atamwambia atoe turufu mapema, muuza kahawa atamwambia aifiche mpaka mwisho, na mzee mmoja ambaye hachezi kabisa atachungulia begani mwake na kumtajia karata alizoshika, kwa sauti, wapinzani wakisikia. Mimi huachiwa kazi ngumu kuliko zote: kukaa mbele yake niwe mwenzake.

Maana mchezo huu ni wa wawili kwa wawili, na hesabu yake haina uchawi. Ree ina pointi 11, saba 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Kila rangi ina 30, rangi zote nne 120, na wanaofika 61 wameshinda. Zilizobaki ni magarasa. Haya mtu huyafahamu kabla kikombe cha kahawa hakijaisha, na vikombe vyetu vile mnavijua udogo wake.

Kijana niliyekabidhiwa safari hii ni fundi simu, hodari wa kuifufua simu iliyozama baharini. Nikadhani karata ni kitu gani kwake. Mpinzani akaanza na garasa la kopa, nikaweka saba, mpinzani wa pili akatupa garasa jingine. Pointi 10 zimelala pale, zetu, na kijana ndiye wa mwisho. Alichotakiwa ni kutupa chochote. Akaitazama saba, akanitazama mimi, akachomoa turufu na kuibamiza juu yake.

"Nimeila, ami!"

"Umeila ya nani?"

Kimya. Mshona kofia akawa na shughuli ya ghafla na uzi wake.

Nikamweleza: mwenzio akishika, usimle, mlishe. Alielewa, tena kupita kiasi. Mchezo uliofuata, mpinzani kashika kwa mzungu wa tatu, kijana akampelekea ree nzima ya uru, kwa heshima zote. "Sikutaka kukula tena, ami." Pointi 11 zimeondoka na adabu zake.

Kinachonishangaza kwa wanafunzi wa karata ni kile wanachokishika kwanza. Kuhesabu turufu zilizokwisha kutoka huchukua miezi. Kubamiza karata hujifunzwa siku ileile. Mkono wa kijana hupaa mpaka juu ya sikio, kofia inasogea, mwili wote unaegemea nyuma kama mtu anayevuta ndoo kisimani, halafu paa! Mkeka unatetemeka, vikombe vinalia, watu wanainama kuona ni karata gani hiyo yenye kishindo chote kile. Garasa la pao.

Na uso wake ndio kitabu cha hadithi. Akipata ree huanza kuvumisha taarabu puani. Akipata magarasa matupu huuliza saa ngapi. Wapinzani waliacha kuangalia karata zao, wakawa wanasubiri wimbo. Nikamwambia afiche uso. Akaufunika kwa karata zenyewe, kaziinua mpaka puani na kuzilaza nyuma, na aliyekaa ubavuni pake akazisoma zote bila hata kunyoosha shingo.

Muuza kahawa huniambia nina subira. Sina, nina miwani, nayo huificha hali ya macho. Jioni moja hata hiyo subira nisiyo nayo iliponiishia, niliamua kuwatolea kisa cha kweli. Mwaka 1929 huko Kansas City, Marekani, mke na mume walikuwa wakicheza bridge na majirani, mchezo wa wawili kwa wawili kama huu wetu. Mume aliahidi kula mara 10, turufu ikiwa shupaza, akashindwa. Yakaanza maneno, mume akampiga mkewe kofi. Mke akaenda kuchukua bastola, na usiku huo mume akafa kwa risasi. Kesi ilisikilizwa mwaka 1931, mke akaachiwa huru.

Baraza zima likanyamaza. Mzee asiyecheza akasema bila shaka wazee wa baraza katika kesi ile walikuwa wacheza karata. Mshona kofia akataka kujua bastola ilifuata nini kwenye nyumba ya watu wastaarabu. Kijana wangu hakuyajali hayo.

"Turufu ilikuwa shupaza, ami?"

"Shupaza."

Nasi jioni ile turufu yetu ilikuwa shupaza, na mkekani palikuwa na ree yangu ya kopa, haijaguswa na mtu. Kijana akaiangalia karata ambayo ilikwisha toka nusu mkononi mwake. Akanitazama, akatazama mfuko wa kanzu yangu. Akairudisha polepole, akavuta nyingine, mkono ukapaa juu ya sikio.

Paa! Mzungu wa nne wa uru. Pointi 15 zetu, na kahawa ya mzee yote mkekani.