Barua ya Wazi kwa Wahariri wa Kijarida cha Chuo

Nyansiongo,
Kaunti ya Nyamira.

Kwa Wakurugenzi wa Mawasiliano,
Vyuo Vikuu vya Umma, Kenya.

KUH: PONGEZI KWA KAZI YA KUTUHABARISHA

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi zangu kwa kijarida chenu cha barua pepe. Humfikia mwanafunzi wa shahada ya kwanza popote alipo, hata akiwa likizoni huku Nyansiongo, ambako kukifungua tu kunammalizia bando kwa kuwa picha za Naibu Chansela hazipaswi kupunguzwa ukubwa. Tunamwona akipokea wageni, akipanda mti, akikabidhiwa ngao, kisha akipokea wageni wengine. Msomaji mwenye subira hutuzwa mwishoni kabisa, chini ya salamu za heri, kwa tarehe ya mwisho ya kusajili yuniti, ambayo ilikuwa Ijumaa iliyopita.

Wapo wanaodai kijarida hiki kifutwe. Mimi napinga. Ndicho chombo pekee chuoni chenye tarehe, chenye jina la aliyekituma, na ambacho hakuna ofisi inayoweza kukikana kesho. Tangazo la ubaoni hunyeshewa mvua au hubandikiwa bango la tamasha juu yake. Neno la karani dirishani halina shahidi. Barua pepe hubaki. Nashuku ndiyo sababu hamtii ndani yake jambo lolote linaloweza kuwafunga: karo mmeiachia uvumi, alama za mtihani zilizopotea mmeziachia foleni, na mti wa Naibu Chansela mkauandikia kumbukumbu ya kudumu.

Tazameni mambo ambayo mwanafunzi amehitaji kujua tangu 2023, mfumo mpya wa kufadhili elimu ya juu ulipoanza. Familia ziligawanywa katika bendi 5 kulingana na uwezo wa kulipa. Katika bendi ya 1 familia hulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi, na katika bendi ya 5 hulipa asilimia 40. Kinachosalia hugawanywa kati ya ufadhili wa serikali na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB). Aliyewekwa bendi isiyomfaa ana nafasi ya kukata rufaa, mradi ajue kwamba nafasi hiyo ipo na inafungwa lini. Kisha tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatamka kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, na baadaye Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Kwa mzazi mwenye binti mwaka wa pili, hayo yote yana swali moja: mwanangu anadaiwa shilingi ngapi, na kufikia lini? Jibu lake ni mstari mmoja, na sijui ni ngao ipi ingekosa nafasi kwa sababu yake.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika mji huu wenye kiwanda chake cha chai. Mama anayepeleka majani chai kituoni hupimiwa akaondoka na risiti inayoonyesha kilo zake. Hapewi picha ya meneja wa kiwanda. Bonasi, ambayo nyumba nyingi huitegemea kwa karo, kwa kawaida hulipwa karibu na Oktoba, ilhali mwaka wa masomo hufunguliwa Septemba. Mzazi aliyejulishwa mapema huomba kulipa kwa awamu, au hukopa kwenye sacco akiwa bado na nafasi ya kuuliza riba. Asiyejulishwa huuza ng'ombe kwa bei ya mtu mwenye haraka, kisha mwanawe akaletewa kijarida chenye makala kuhusu uwezeshaji wa jamii.

Mtasema wanafunzi hawasomi barua pepe. Kweli, hizi hawazisomi. Lakini ujumbe kwamba pesa za HELB zimeingia husomwa saa nane usiku, tena bila picha. Mtasema kuna makundi ya WhatsApp na viongozi wa darasa. Kiongozi wa darasa ni mwanafunzi mwenzao, halipwi, na akikosea tarehe ya mtihani hakuna wa kuwajibishwa. Tangazo ghushi lenye nembo ya chuo nalo hupita katika makundi hayo hayo kwa kasi ile ile. Na baraza la wanafunzi je? Marekebisho ya sheria ya vyuo vikuu ya 2016 yaliagiza viongozi wake wachaguliwe na wajumbe badala ya kura ya kila mwanafunzi, kwa hiyo nao wakapata sababu ya kuwajali wajumbe kwanza.

Pingamizi moja nalikubali: mara nyingi chuo chenyewe hakijui. Mgao wa serikali huchelewa, na hakuna mhariri anayeweza kuchapisha pesa ambazo hazijafika. Mgomo wa wahadhiri ulioanza Septemba 2025, wakidai shilingi bilioni 7.9, ulidumu siku 49, na katika siku hizo hakuna Naibu Chansela aliyekuwa na uwezo wa kutaja siku ya kurudi darasani. Sawa. Basi andikeni hivyo: hatujui, tutawaandikia tena Jumatatu, msipande matatu kupitia mji wa Keroka mkaja kulala nje ya bweni lililofungwa. Kuna hofu kwamba ukweli wa namna hiyo huzusha fujo. Mwanafunzi anayejua kwamba hakuna masomo hubaki nyumbani akichuma chai. Aliyeambiwa aje, akafika akakuta geti limefungwa, huyo ndiye wa kuogopwa.

Kutoa habari hizi si hisani. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inazitaka taasisi za umma zichapishe taarifa muhimu bila kusubiri kuombwa. Anayeomba anapaswa kujibiwa ndani ya siku 21, muda ambao dirisha la kukata rufaa ya bendi laweza kufunguliwa na kufungwa.

Ombi langu, basi, ni dogo. Toleo lijalo lianze na karo inayodaiwa, tarehe ya kusajili yuniti, tarehe ya mitihani, hali ya mkopo, na jina la ofisa wa kupigiwa simu mambo yakienda mrama. Liandikwe kwa maneno pekee, bila picha, lifunguke kwa simu ya bei nafuu. Wageni wa Naibu Chansela wawekwe mwisho kabisa, mahali mlipokuwa mmetuweka sisi.

Wenu mtiifu,
Msomaji wa Nyansiongo