Birika la Mgiriki

Kama umewahi kukaa nyumba moja na mama mkwe kwa miezi mitatu, sogea karibu, maana wewe utanielewa upesi.

Tunaishi Hamburg, ghorofa ya nne, vyumba vitatu, na kiangazi hiki tumo watu watano. Mke wangu tunamwita Spika, kwa kuwa hakuna hoja inayopita mezani bila yeye kuiruhusu. Binti yetu wa miaka kumi na sita ni Kamera. Hali chakula kabla hajakipiga picha. Mdogo wake wa kiume ni Barafu: joto likifika nyuzi ishirini na tano tu, anavua fulana na kwenda kulala sakafuni bafuni. Halafu yupo mama mkwe mwenyewe, ambaye wajukuu wamempa jina la Bi Mkonge, naye amelipokea kwa furaha. Ni mzaliwa wa Korogwe, akaolewa, akazaa na kulea kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge.

Kwanza uelewe jinsi mimi na yeye tunavyoongea. Salamu tunapeana: shikamoo, marahaba, basi. Mengine yote hupitia kwa wajukuu, kwa sababu kwa malezi yake mama mkwe na mkwe wa kiume hawajibizani. Nikiwa nimekaa hatua moja tu kutoka kwake, humgeukia Barafu: "Mwambie baba yako wali umebaki." Barafu ananigeukia: "Baba, bibi anasema wali umebaki." Nami namjibu Barafu kuwa nimeshiba, ahsante. Heshima hii naipenda tangu siku ya posa. Lakini jaribu kupanga safari ya familia kwa mtindo huo.

Mimi mpango wangu ulikuwa tayari: Denmark. Kibanda cha mbao kando ya bahari, upepo wa baridi, samaki, usingizi. Nauli yenyewe ni mafuta ya gari tu. Nafanya kazi ya uuguzi wa wazee, na mtu akitoka kwenye zamu za usiku anachotamani ni kivuli na ukimya. Picha za kibanda nilikuwa nimeshawaonyesha, hakuna aliyepinga. Ndipo wiki ya pili tangu afike, Bi Mkonge akafungua sanduku lake mbele ya wajukuu, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kanga.

Kilikuwa chombo kidogo cha shaba, mkono mrefu, kiuno chembamba, cha kutosha vikombe viwili vya kahawa. Nilikuwa nakifahamu. Miaka yote kimekaa juu ya kabati la vyombo kwao Tanga, na nyumbani kinaitwa birika la Mgiriki. Kamera hakukawia, akatafuta kwenye simu, akatuambia kuwa Wagiriki chombo hiki hukiita briki, na kwamba briki yao na birika letu ni neno moja lililotoka kwa Waarabu, likasafiri huku na huku.

"Kumbe ni ndugu," akasema Bi Mkonge. Kuanzia hapo Denmark ikaanza kuzama.

Marehemu baba mkwe alikuwa fundi wa mitambo kwenye korona, yaani kiwanda cha kuchana majani ya mkonge na kutoa singa. Shamba lilikuwa la Mgiriki. Enzi hizo Wagiriki walikuwa wengi kwenye mkonge wa Tanganyika. Huyu wao alikuwa mtu wa kisiwa cha Limnos, na kila alasiri alipika kahawa yake mwenyewe kwa birika lile, kikombe cha kwanza chake, cha pili cha fundi. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, serikali ikatwaa mashamba mengi ya mkonge, naye akafunga virago. Birika akamwachia fundi. Bi Mkonge alikuwa bado bibi harusi, hajamaliza hata mwaka.

"Nataka nikaone alikotoka mwenye birika," alimwambia Barafu.

Hapa nitoke njiani kidogo, maana mkonge wenyewe ulipita katika mji huu huu tunaoishi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikaletwa Hamburg, kisha ikapakiwa tena melini. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Mashamba yote yale, makambi ya manamba, ndoa ya mama mkwe na kwa hiyo ndoa yangu, yametokana na miche hiyo. Nilipomweleza Kamera ili amweleze bibi yake, Bi Mkonge alitaka apelekwe bandarini. Tukaenda Jumapili. Alisimama ukingoni mwa mto Elbe, kajitanda kanga juu ya koti la Spika, akayatazama makontena muda mrefu. Kisha akamwambia Kamera kuwa sitini na mbili si haba. Kwao walizaliwa kumi na mmoja, wakakua sita.

Turudi kwenye safari. Baraza likaketi jikoni. Kamera alitaka Santorini, kwa ajili ya zile nyumba nyeupe zenye paa la buluu. Spika alitaka Athens. Barafu alitaka popote penye kiyoyozi na bwawa. Bi Mkonge alitaka Limnos na hakutaka kusikia kisiwa kingine. Kila mmoja na lake, lakini ukitazama vizuri utaona wote wanne wamo Ugiriki, na mimi peke yangu niko Denmark.

Nikaomba nafasi ya kusema, nikasema kwa uchungu, kwa sababu jambo hili nalijua kutoka kazini. Shule za hapa zinafungwa katikati ya kiangazi. Hatuna mwezi mwingine wa kusafiri. Na kiangazi cha Ugiriki si cha kuchezea. Mwaka 1977, karibu na Athens, joto lilifika nyuzi 48. Julai 2023 walilazimika kuifunga Akropoli saa za mchana, na mwezi huo huo moto wa nyika kisiwani Rhodes ukawahamisha watu wapatao 19,000. Joto la Tanga lina unyevunyevu, jasho linakutiririka unaliona, unatafuta maji. Kule kwao ni kukavu, jasho linakauka kabla hujalihisi, na mwili unaishiwa maji kimya kimya. Tena mzee, kadiri umri unavyokwenda, kiu yake inapungua. Maji yanamwishia mwilini naye hana habari. Mama anatumia vidonge vya presha, na kimoja kinampeleka msalani mara kwa mara. Nimewahi kuwashika mikono wazee wa watu siku za joto kali, nao walikuwa ndani, kitandani, kivulini.

Jikoni pakanyamaza. Bi Mkonge akamgeukia Barafu.

"Mwambie baba yako mimi ni wa Korogwe. Joto nalijua tangu halijaota meno."

Aliyenimaliza kabisa ni Kamera. Alisoma kwamba Julai na Agosti bahari ya Aegean hupigwa na upepo wa kaskazini uitwao meltemi, unaoshika mchana kutwa na kuvipoza visiwa, na Limnos iko juu kule upande wa kaskazini. Bi Mkonge aliinua kichwa. Mtu wa mwambao ukimtajia upepo umemtajia jamaa yake.

"Kwetu miezi hiyo ni kusi," akasema. "Wenzetu wanapata kaskazi. Basi hiyo si nchi ya joto, hiyo ni nchi ya upepo."

Nikajaribu kueleza kuwa upepo huo huo ndio unaochochea moto, na ukizidi nguvu meli hufungwa bandarini. "Baba Kamera," akasema Spika, "tutakwenda kwa ndege." Kisha akauliza wanaoafiki. Mikono minne. Wasioafiki? Mkono mmoja, wangu. "Walioafiki wameshinda." Nyumba hii ndivyo ilivyo, na wewe mwenye familia unajua kuwa kwako ndivyo ilivyo pia.

Nilichopata ni masharti, na masharti hayo nimeyabandika kwenye mlango wa friji. Kutoka nje ni asubuhi mpaka saa nne, halafu tena baada ya saa kumi na moja jioni. Maji glasi moja kila saa, mbele ya macho yangu. Chumba cha Bi Mkonge lazima kiwe na kiyoyozi. Athens tunalala usiku mmoja tu, na Akropoli tutaipanda mlango unapofunguliwa, kabla jua halijapanda. Hili la kujifungia mchana halikuleta ubishi hata kidogo, maana Wagiriki wenyewe wakati wa kiangazi hupumzika alasiri na kupiga kelele saa hizo ni makosa. Bi Mkonge alisema watu hao wana malezi. Yeye tangu zamani akishaswali adhuhuri hulala.

Sasa nilidhani kikwazo kitakuwa viza ya mama. Nikaisoma mara tatu kwa miwani: siku tisini, ya Schengen, na Ugiriki imo ndani ya Schengen, kwa hiyo hahitaji karatasi nyingine. Safi kabisa. Mwenye paspoti iliyokufa alikuwa Barafu! Mzaliwa wa hapa hapa, Mjerumani kamili, paspoti yake imeisha tangu Mei na hakuna aliyeitazama. Nilipiga simu ofisi ya wakazi asubuhi saa mbili siku tatu mfululizo, nikapata miadi, picha ya kwanza ikakataliwa kwa sababu mtoto anacheka. Wiki nzima Bi Mkonge alimfundisha mjukuu wake kununa. Picha ya pili amenuna mpaka anafanana na marehemu babu yake, na Spika ameiomba nakala.

Likaja suala la chakula. Mishikaki yao, suvlaki, mara nyingi ni nguruwe, na sisi ni watu wa Tanga, hilo halina mjadala. Basi jioni zetu zimekuwa darasa. Barafu amehifadhi neno kotopulo, kuku, analiimba akipiga mswaki. Pweza hana shida: Wagiriki humtundika juani kwenye kamba akauke kabla ya kumchoma. Kamera alipoonyesha picha, pweza kaning'inia kando ya bahari kama nguo zilizofuliwa, Bi Mkonge aliishika ile simu kwa mikono miwili. Tangu hapo anasema "kwetu" akimaanisha pande zote mbili.

Zimebaki siku tisa. Sanduku lake limesimama ukumbini tangu juma lililopita, nasi tunalipitia kwa ubavu. Nimelipima kwenye mizani ya bafuni: kilo ishirini na sita, na ruhusa ni ishirini na tatu. Ndani mna unga wa sembe, visheti, pilipili, mkeka wa kuswalia, na nusu kilo ya kahawa ya Kilimanjaro ya kumpikia yeyote wa Limnos atakayetukaribisha kwake. Nilimtuma Barafu akaulize ni kipi kipunguzwe. Barafu akarudi: bibi anasema apunguziwe koti. Ni koti la Spika.

Jana nilirudi kutoka zamu alfajiri, wote wamelala. Nilikuwa jikoni nakunywa maji gizani nikasikia ndala ukumbini. Bi Mkonge akasimama mlangoni, kanga begani, birika mkononi. Nikamwamkia, akaitikia. Nikangoja aondoke, maana hapakuwa na mjukuu wa kupokea maneno. Hakuondoka. Aliliweka birika mezani, akalisogeza mpaka likanifikia.

"Mwanangu," akasema, "hili utalibeba wewe mkononi. Masanduku hupotea."

"Ndiyo, mama."

Akayasoma masharti kwenye friji kwa mwanga wa dirishani, mstari mmoja mmoja, akifuatisha kwa kidole.

"Na hayo maji yako," akasema, "nitayakunywa."