Mjusi wa Kwetu, Kiingilio cha Kwao

Kijana wetu wa Lindi yuko Berlin masomoni. Wikendi ikifika vitabu hupumzika, miguu ndiyo inayosoma. Jumamosi alijipiga picha East Side Gallery, kipande cha Ukuta wa Berlin chenye michoro, kama kilomita 1.3 hivi. Jioni akaingia Tempelhof, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008. Siku hizi watu wanaendesha baiskeli kwenye njia ya ndege. Akatuandikia: “Wenzetu wanajua kutunza historia!”

Wanajua, mwanangu. Hata ya wenzao wanaitunza.

Jumapili akakata tiketi ya Makumbusho ya Historia ya Asili. Ukumbini akamkuta mjusi wa mifupa, kimo zaidi ya mita 13. Kutazama asili yake: Tendaguru, Lindi! Wajerumani walichimba huko kati ya 1909 na 1913, na wapagazi, babu zetu, wakaibeba mifupa hadi bandarini.

Tendaguru yenyewe kijana hajawahi kuikanyaga. Kwao hapakuwa na nauli.

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema utakatiwa tiketi kumwona jirani yako.