Sifa za "Tutakupigia"

Wengine wataisifu Serengeti, nami siwakatazi. Mimi nimekuja kusifu neno moja tu, "tutakupigia". Kwa miaka minne ya kuchora nimelipokea Mugumu, nimelipokea Tarime mjini, nimevuka Mto Mara kwenye basi la vumbi, picha magotini, kulifuata. Sijaona neno lenye adabu kama hili.

Litazameni umbo lake. "Tu" ni sisi. Anayesema yuko peke yake kwenye stuli, kandambili mguuni, lakini akishika picha yako anageuka baraza zima, na hakuna aliyewahi kugombana na baraza akashinda. "Ta" ni wakati ujao, nao hauna uzio: hata Siku ya Kiyama imo ndani yake, na akikupigia siku hiyo hajasema uongo. "Ku" ni wewe, wewe peke yako, kati ya Watanzania zaidi ya milioni 60 waliohesabiwa mwaka 2022. Tukifika kwenye "pig" tuvue kofia, maana ndipo hekima ilipojificha. Hawakusema watakupigia nini! Sisi wenye haraka tunadhani simu. Kumbe mtu hupigiwa makofi, hupigiwa kura, hupigiwa magoti, hupigiwa ramli. Huenda nami nilishapigiwa siku ileile, kabla sijafika mlangoni: nilipigiwa mstari. Na ile "ia" ya mwisho, ambayo walimu wa sarufi huiita kauli ya kutendea, ndiyo inayonitoa machozi. Chochote watakachokipiga, watakipiga kwa ajili yangu.

Fadhila nyingine nazitaja mbiombio. Limenizoesha kuchaji simu. Limenifundisha kupokea namba ngeni kwa sauti ya kanisani, ingawa kwa kawaida ni tapeli anayetaka ile hela niitume kwenye namba nyingine. Mungu ambariki, yeye hupiga. Limenifanya pia mhakiki wa kazi zangu. Siku ya tatu najiambia namba yangu imewapotea. Siku ya kumi naona mguu wa nyati wangu ni mfupi. Wiki ya tatu naamka saa nane usiku, nawasha tochi ya simu, simu ileile isiyoita, nammulika nyati ukutani. Namtazama, ananitazama, na kati yetu hakuna mwenye uhakika yeye ni nani.

Mwezi wa pili nilirudi kwenye duka moja la vinyago nilikoacha nyati mwingine. Nikamkuta amelazwa juu ya kaunta, na juu yake chupa ya chai. Walipoinyanyua, duara la kahawia lilikuwa limebaki limelizunguka jicho.

"Aa, ilikuwa nzuri, kaka," nikaambiwa. "Ila wageni wanataka Mmasai anayeruka. Au Tingatinga. Ungechora Tingatinga ungeuza."

Hapo sifa zinanikwama. Wilaya hii ya Serengeti ina Wakurya, Waikoma, Wanata, Wangoreme na Waisenye. Kuna litungu la nyuzi nane, linalonguruma mpaka unalisikia tumboni. Lakini mgeni sharti aondoke na Mmasai. Na Tingatinga! Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, rangi ya baiskeli juu ya kipande cha hardbodi, akafa 1972. Angeingia dukani mle na hardbodi zake kabla jina lake halijawa mtindo, nadhani najua angejibiwa nini. Na chupa ya chai angeikuta pale pale.

Sidai kununuliwa. Mtu hana deni la kuipenda picha yangu. Lakini "hapana" ina silabi tatu tu na haihitaji vocha! Mseme, nijue, nikalime. Wanaogopa nini? Tena haya yanatendeka kwetu Mara, ambako mtu akiona ng'ombe wako amekonda anakuambia kabla hajakusalimia. Ukali wote huo tumeuacha zizini. Tukipewa kaunta, stuli na daftari la namba za simu, tunakuwa wapole kama maji ya mtungini, na mtu anangoja miezi miwili.

Nilimchukua nyati wangu na duara lake jichoni, nikakatiza naye mnadani. Mzee mmoja akanizuia kwa fimbo.

"Mura, ng'ombe huyu ni wa nani?"

"Ni nyati, mzee."

"Nyati!" Akaita wenzake wawili waje waone. "Huyu ni ng'ombe, tena anayeomba maji. Nyati dume pembe zinakutana hapa." Akanigonga kwenye paji la uso kwa kidole, mara mbili, kwa nguvu. "Zinafunika hapa pote, kama kofia ngumu ya wale wa mgodini Nyamongo. Wako umemtundikia pembeni kama masikio. Na shingo hii, nani amemkaba?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikawa natafuta penseli mfukoni. Mzee akainama tena, akaisogelea picha mpaka pumzi yake ikagusa rangi.

"Jicho umelipatia," akasema. "Jicho hilo limekasirika kweli."

Akarudi kwenye ng'ombe wake. Namba yangu hakuiomba.