Katiba ya 159: Uainishaji wa Tawala za Meru na Embu

Aristotle na wanafunzi wake walikusanya katiba za dola 158, kisha wakakomea hapo. Hatuwalaumu, Nchiru ni mbali. Tunaongeza hapa ya 159, ile ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru lenye makao yake Nchiru. Ibara ya Katiba ya Kenya ya 2010 inayozitaka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro nayo ni ya 159. Mtaalamu wa kweli angeutupa ushahidi huo, sisi tumeushikilia.

Swali la kwanza la Aristotle lilikuwa: wanatawala wangapi? Mmoja, wachache au wengi? Ukiliuliza Tigania, huko Meru, utachelewa kurudi nyumbani. Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, alikuwa mmoja, lakini kazi yake ilikuwa kubariki. Wazee wa Njuri ni wachache, ila mwanamume yeyote aliyetahiriwa, akaoa na kupanda ngazi za kiama, yaani baraza la wazee, alikuwa na haki ya kutumaini. Tunapendekeza kundi jipya: utawala wa wenye subira. Sparta iliukaribia, kwa baraza lake la wazee 28 waliotimiza miaka 60, pamoja na wafalme wawili. Lakini huko mzee alichaguliwa kwa kelele: aliyeshangiliwa zaidi ndiye aliyepita. Aristotle mwenyewe aliona ni mambo ya kitoto, na hakuwahi kuhudhuria mkutano wa kampeni katika mji wa Maua, Meru.

Embu haisumbui. Vizazi viwili, Nyangi na Kimanthi, vilipokezana madaraka. Roma ilibadilisha makonsuli kila mwaka. Embu ilingoja watoto wakomae.

Ugumu unaanzia kwa wanawake, ambao Athens na Meru zote ziliwaacha nje ya baraza. Mwaka 1956 Njuri, ikihimizwa na maofisa wa kikoloni, ilipiga marufuku ukeketaji. Marufuku ilikuwa na busara, ila iliwahusu wasichana na hakuna aliyewauliza. Wakachukua nyembe wakakeketana wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri. Katika miaka mitatu, watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa, wasichana na wakubwa wao. Katika tamthilia yake, Sophocles alihitaji Antigone mmoja tu kumpinga mfalme. Meru ilikuwa na vijiji vizima, na jambo walilolipigania liliwaumiza wao wenyewe. Hatujui tuwaweke kundi gani.

Kuna pia Kawira Mwangaza, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa gavana wa Meru, mwaka 2022. Madiwani walimng'oa mara tatu. Mara mbili aliokolewa na Seneti, chombo cha Nairobi chenye jina la Kirumi. Ya tatu, Agosti 2024, Seneti ikakubaliana na madiwani, na Machi 2025 Mahakama Kuu haikuutengua uamuzi huo. Polybius, aliyeisifu Roma kwa kuchanganya makonsuli, seneti na umma, angetaka kujua mkuu wa Meru ni nani hasa: gavana, madiwani, maseneta, majaji au wazee. Angeelekezwa Nchiru, na huko angeambiwa aketi kwanza.